Mshitiri (mteja mwenye jengo) anataka bei, michoro bado haipo: kompyuta itanisaidia?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkadiriaji majenzi, mwaka wa nne kazini, hapa Dodoma. Chama kimoja cha akiba na mikopo kinataka kujenga makao makuu: ukumbi wa kuhudumia wanachama chini, ofisi za wafanyakazi kama 80 juu. Kiwanja wanacho, mbunifu majengo bado hawajampata. Mwenyekiti anataka Jumanne nipeleke "makadirio ya awali" kwenye bodi. Chuoni mhadhiri aligusia mifumo bobezi ya kompyuta iliyokuwa ikisaidia kupanga miradi tangu hatua ya mwanzo kabisa. Bado ipo? Ninunue? Au niiulize tu hii akili unde ya kwenye simu? Na laptopu yangu ya kawaida itaiweza?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimecheka kidogo kuona hiyo Jumanne, maana Jumanne ya namna hiyo iliwahi kunipata. Zamani taasisi moja, jina naliacha, iliniita kikaoni nikatoe "picha tu" ya gharama za jengo la ofisi. Eneo la sakafu nilikuwa nalo kichwani, nikalizidisha kwa bei ya mita ya mraba niliyoizoea, nikataja. Katibu akaandika. Hakuna aliyeniuliza nimehesabu nini na nimeacha nini, nami sikusema. Kumbe kiwanja kilikuwa na mteremko, kikadai ukuta wa kuzuia udongo. Umeme wa mtaani haukutosha, ikadaiwa transfoma. Maji yalikuwa ya zamu, likadaiwa tangi la chini ya ardhi na pampu zake. Vyote hivyo havikuwamo kwenye bei yangu ya mita ya mraba. Miaka miwili baadaye bado nilikuwa nikionyeshwa ile namba kwenye muhtasari wa kikao. Ikishaandikwa pale, hata ulete BOQ, yaani orodha kamili ya kazi na viasi vyake, ya kurasa 200, wewe ndiye uliyepandisha bei.

Mfumo aliokugusia mhadhiri wako, kama sikosei, ni ELSIE, na ulitengenezwa kwa ajili ya kikao cha namna hiyo hiyo. Ulizaliwa Uingereza miaka ya 1980. Wajapani walikuwa wameanzisha mwaka 1982 mradi wao mkubwa wa kompyuta za kizazi cha tano, Waingereza wakaingiwa na wasiwasi wa kuachwa nyuma, wakajibu mwaka 1983 kwa mpango ulioitwa Alvey, wa pauni milioni 350 kwa miaka mitano. Katika wimbi hilo chama cha kitaaluma cha wapimaji na wakadiriaji wa huko, RICS, kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Salford, chini ya Peter Brandon, ambaye naye ni mkadiriaji kama mimi na wewe. Jina lenyewe ni mzaha: herufi L na C ukizitamka kwa Kiingereza unapata Elsie, na zilisimama badala ya "lead consultant", yaani mshauri kiongozi, yule ambaye mshitiri humwendea kwanza kabla hajamwona mtu mwingine. Ripoti ya kazi hiyo ilitoka mwaka 1988.

ELSIE ilikuwa na sehemu nne: bajeti ya awali, njia ya kumpata mkandarasi, muda wa mradi, na faida ya uwekezaji. Ilianzia kwenye majengo ya ofisi, kwa hiyo mshitiri wako angeingia moja kwa moja.

Wengi wanaposikia "mfumo bobezi" hufikiria mashine yenye bei zote za dunia. Ndani yake kulikuwa na kanuni za "kama hivi, basi hivi", mamia kwa maelfu, zilizotolewa vichwani mwa wakadiriaji wazoefu kwa mahojiano marefu. Ukoo huu wa programu ni wa zamani kidogo kuliko ELSIE. MYCIN ya Chuo Kikuu cha Stanford, miaka ya 1970, ilikuwa na kanuni karibu 600 za kutambua maambukizi ya bakteria kwenye damu. XCON, iliyotengenezwa na John McDermott wa Carnegie Mellon, ilipanga vipuri vya kompyuta za kampuni ya DEC. Kwenye fani yetu, Mary Lou Maher, pale pale Carnegie Mellon, alitengeneza HI-RISE, iliyochagua mfumo wa kimuundo wa jengo refu ungali wazo tu, kabla mhandisi hajakaa na hesabu zake. Nyingi za aina hii, kama MYCIN, tabia yake ni moja: inakuuliza, unajibu, na ukiishangaa unaweza kuiuliza "kwa nini unataka kujua hilo?" nayo ikakuonyesha kanuni iliyoifikisha hapo.

Hiyo "kwa nini" ndiyo iliyonivutia mimi. Mkadiriaji mzoefu akikaa na mshitiri, bei haiji kinywani mwake hadi saa nzima ipite. Anauliza. Wafanyakazi wangapi? Wanakaa wawili wawili au ukumbi wazi? Wanachama wanakuja wangapi kwa siku? Magari je? Na pale mshitiri anaposema "sijui", mzoefu hasimami. Anaweka dhana yake, anaitaja kwa sauti, na kusonga mbele. ELSIE ilifanya vivyo hivyo. Usichokijua ilikikisia kutokana na ulivyovijibu, ikakuonyesha ilichokikisia, nawe ukawa huru kukibadilisha na kuona bajeti inavyoyumba.

Tulipitishe jengo lako kwenye njia hiyo, uone. Namba hizi za kuanzia ni zangu za mfano, wewe weka zako.

Wafanyakazi 80, tuwape mita za mraba 10 kila mmoja: 800. Ukumbi wa wanachama, mita 200. Chumba cha bodi na vya mikutano 100. Kumbukumbu na chumba cha kasha la fedha 60. Jumla 1,160 za eneo la kazi lenyewe. Bado ngazi, korido, vyoo, unene wa kuta, chumba cha umeme, shimo la lifti. Ukisema eneo la kazi ni asilimia 80 ya jengo zima, jengo linakuwa mita za mraba 1,450. Ukisema ni asilimia 75, linakuwa karibu 1,547. Asilimia tano tu hizo, na mita 97 zimejitokeza, karibu nusu ya ukumbi wako wa wanachama. Hakuna mwanabodi atakayekuuliza juu ya asilimia hiyo. Ni wewe unayepaswa kuijua na kuitaja.

Sasa swali ambalo ningeliweka mbele ya yote: baada ya miaka mitano mtakuwa wangapi? Tuseme mwenyekiti ajibu "kama 110". Watu 30 zaidi ni mita 300, na kwa ile asilimia 75 ni mita 400 za jengo. Jengo lako la mita 1,547, likiwa na sakafu nne ukihesabu ya chini, kila sakafu ni karibu mita 387. Kwa hiyo jibu hilo moja limeongeza sakafu nzima ya tano. Sakafu ya tano inaubadilisha msingi, inabadilisha nguzo za chini, na inaumaliza kabisa mjadala wa lifti (ingawa kwa taasisi inayohudumia umma ningeiweka hata kwenye nne, tuna sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010, na wazee wa chama hawatapanda ngazi kila mkutano mkuu). Zimamoto nao watatazama michoro kwa jicho jingine.

Halafu magari. Gari moja pamoja na njia ya kugeuzia linataka kama mita za mraba 25. Magari 30 ni mita 750. Kama kiwanja ni mita 1,200, ukiweka jengo la 387 na maegesho 750 zimebaki 63, na hapo bado hujaweka jenereta, tangi la maji, kibanda cha mlinzi wala sehemu ya gari la zimamoto kuzungukia. Maana yake ama magari yanapungua, ama jengo linapandishwa juu ya nguzo, ama mnachimba chini. Kuchimba chini Dodoma bila kwanza kujua udongo ni kucheza bahati nasibu. Zipo sehemu zenye udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na tetemeko nalo tunalisikia mara kwa mara.

Tazama tulipofika. Jengo linaweza kuwa la mita 1,450 au la mita 1,950 hivi, tofauti ya theluthi nzima, na bado hatujagusa bei hata ya mfuko mmoja wa saruji. Vijana wengi nikiwapa kazi hii hukimbilia kutafuta bei ya nondo ya wiki hii. Nondo ikipanda asilimia kumi haifiki popote ukilinganisha na swali moja la idadi ya watu ambalo halikuulizwa.

Sasa, uinunue? Hapana. ELSIE ni programu ya kompyuta za wakati ule, na hata ungeipata mzima, ujuzi uliomo ni wa Uingereza kwenyewe. Mkadiriaji wa Manchester akisikia "ofisi" anafikiria boila, mabomba ya kupashia joto, kuta mbili zenye kinga ya baridi katikati. Mimi nikisikia "ofisi" Dodoma nafikiria jua la magharibi kwenye vioo, kiyoyozi, jenereta, tangi. Yeye umeme na maji yake viko ukingoni mwa kiwanja. Kwangu ni sura nzima ya bajeti. Kanuni yake haina kosa, ila imezaliwa kwenye kiwanja kingine.

Na kuna sababu ya pili iliyoiangusha mifumo ya aina hii duniani kote kuelekea miaka ya 1990: matunzo. XCON ilifikia maelfu ya kanuni, na kila DEC ilipotoa kifaa kipya ilibidi watu wakae waandike nyingine na kukagua kama hazigongani na za zamani. Kwenye ujenzi hali ni mbaya zaidi. Teknolojia inabadilika, kodi inabadilika, taratibu za manunuzi zinabadilika; mwaka 2023 taasisi za umma zilihamia NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni. Mfumo usio na mtu wa kuulisha hugeuka upesi kuwa mzee anayetaja bei za enzi zake kwa kujiamini kabisa.

Kuhusu akili unde ya kwenye simu, nimeijaribu, sikufichi. Ukiiomba gharama ya jengo lako itakupa, kwa Kiswahili safi na jedwali zuri. Irudie kesho kwa maneno tofauti kidogo, itakupa nyingine. Ukiiuliza kwa nini, itakueleza vizuri, lakini maelezo hayo si lazima yawe njia iliyopita kufikia jibu. Hapo ndipo inapotofautiana na wale wazee wa miaka ya 1980: MYCIN ilipokuonyesha kanuni, ni kanuni hiyo hiyo iliyotumika, unaweza kuinyooshea kidole na kusema "hii hapa si kweli". Kwa hiyo mimi naigeuza. Naiambia: "Wewe ni mkadiriaji mzoefu, mimi ni mshitiri wa jengo la ofisi Dodoma, niulize swali moja moja mpaka uridhike, usinipe bei." Kwa kazi hiyo inafaa. Katika maswali 40 huwa kuna matatu au manne niliyoyasahau. Bei zitoke kwenye kabati lako. Na hesabu za fedha za chama usizipachike humo, si mali yako.

Nikwambie ningefanya nini badala ya kununua, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndiyo kazi ya miaka mitatu ijayo, haiishi Jumanne.

Chukua miradi mitano au sita iliyokamilika ofisini kwenu, yenye hesabu za mwisho zilizofungwa, siyo bei za zabuni. Kila mmoja ukatekate kwa sehemu: msingi, fremu, slebu, kuta, paa, madirisha na milango, umaliziaji, umeme, maji, lifti, kazi za nje. Kwa kila sehemu andika kiasi kwa mita moja ya mraba ya sakafu, na pembeni uandike tarehe na kwa nini imetoka hivyo. Ile "kwa nini" usiiache. Msingi wa mradi wa tatu ulikuwa ghali kwa sababu ya udongo. Usipoandika, mwaka kesho utauchanganya kwenye wastani na kuwabebesha watu wengine udongo usio wao. Bei na uwiano usiviweke pamoja. Uwiano, kama ile asilimia 75, hukaa miaka; bei huchacha kwa miezi. Na VAT ya asilimia 18 iwe na mstari wake peke yake, isizame ndani ya bei, maana bodi zina kawaida ya kuuliza "hii ni pamoja na VAT?" na mkadiriaji akababaika.

Kisha mtafute mzee mmoja wa fani, kila mji upo naye. Edward Feigenbaum wa Stanford, mmoja wa waasisi wa mifumo hii, alikwisha kuona kwamba kazi ngumu kuliko zote ni kuutoa ujuzi kichwani mwa mjuzi, na mtu yeyote aliyewahi kujaribu atakubali. Ukimuuliza mzee "kanuni zako za makadirio ni zipi?" atakupa ya vitabuni, tena kwa heshima zote. Usimuulize hivyo. Mpelekee mradi halisi, mpe ukurasa mmoja wa maelezo, mwache aanze kukadiria, nawe andika kila swali analouliza na kwa mpangilio gani. Kisha badilisha kitu kimoja: "Na kama kiwanja kingekuwa bondeni?" Atanyamaza kidogo. "Aa, hapo sasa..." Kila linalofuata baada ya hiyo "aa" ni dhahabu. Liandike kama lilivyo: kama kiwanja kiko bondeni, basi ongeza hiki, isipokuwa hivi. Ukirudi wiki ijayo na jedwali lako na kumwonyesha lilivyokadiria, atalikosoa, na ukosoaji huo utakupa kanuni zaidi kuliko mahojiano yenyewe. Watu wa Salford walifanya kazi yao hivyo: wanatengeneza kipande, wanawarudishia wajuzi wakipige mawe, wanatengeneza tena.

Mradi mmoja kati ya ile sita usiuweke kwenye jedwali. Uufiche. Ukimaliza, ukadirie kwa mfumo wako kana kwamba hujui jibu, kisha ulinganishe. Ukikosea sana, usikimbilie kurekebisha bei. Tafuta swali ambalo mfumo haukuuliza.

Zile sehemu nyingine za ELSIE, muda na njia ya manunuzi, kwa mradi wako nitazipita haraka. Muda: mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, kwa hiyo ratiba inayochimba msingi Januari kwenye udongo mweusi iulizwe mara mbili. Manunuzi: waulize kitu gani kinawauma zaidi, kuchelewa, kuzidi bajeti, au kukosa udhibiti wa ubora, kwa sababu hawawezi kupata vyote vitatu kwa kiwango kile kile. Wakisema uhakika wa bei, usiwaruhusu kumwita mkandarasi na michoro nusu. Wasidanganywe na jirani aliyejenga kwa force akaunti, yaani kununua vifaa na kuwalipa mafundi mwenyewe bila mkandarasi. Kituo cha afya na jengo la sakafu tano si ndugu.

Kwa Jumanne, basi, peleka karatasi mbili. Ya kwanza iwe na maswali kumi na tano, yale yanayobadilisha jengo zaidi yakiwa juu: watu wa miaka mitano ijayo, magari, hali ya udongo, umeme, maji, kama wanataka kupangisha sakafu yoyote. Ya pili iwe na gharama kwa kiwango cha chini na cha juu, na chini ya kila kiwango dhana zake kwa maneno ya kawaida, pamoja na orodha ya visivyomo: ada za wataalamu, samani, vibali, uunganishaji wa umeme. Mwombe katibu aambatanishe karatasi zote mbili kwenye muhtasari, asiandike namba tupu. Na uwaombe wapitishe fedha za uchunguzi wa udongo kabla ya kupitisha kitu kingine. Mwenyekiti akikung'ang'aniza namba moja, mpe ya juu.

Laptopu yako inatosha kabisa. Ikifungua Excel, unayo ya kuanzia. Kanuni zako 50 za kwanza zitaenea kwenye kurasa mbili au tatu. Ukifika 300 na zikaanza kugongana, niandikie tena.